Mteja Asiyerudi: Bei ya Saa Chache katika Mji wa Kupita

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024, mwanzo wa safari ya kwenda nje ya nchi umekuwa mwepesi kwa mtu wa mikoa ya kati. Ugumu umehamia mbele. Anayekwenda Guangzhou kufuata mzigo, London kumwona mwanawe au India kwa matibabu, mara nyingi hafiki kwa mkupuo mmoja: ataunganisha ndege Addis Ababa, Doha, Dubai, Istanbul au Nairobi, na kati ya ndege moja na nyingine atabaki na saa sita, saa kumi, pengine usiku kucha, katika mji ambao hakuukusudia. Kwa mwenye ruhusa ya kutoka nje ya uwanja, saa hizo zina mvuto wake. Na ni katika saa hizo ambapo watu wenye akili timamu, ambao kazini kwao hukagua risiti za wenzao hadi senti ya mwisho, hulipia zulia wasilolitaka, chai ya bei ya mbuzi, na teksi iliyozunguka mji mzima ili kufika mtaa wa pili.

Tukisikia habari za namna hiyo tunacheka, na kicheko chetu kina maelezo yake tayari: mshamba wa watu, kaingizwa mjini. Maelezo hayo yanaridhisha kwa sababu yanamweka msimuliaji upande wa wajanja. Nadhani si sahihi, na kwa kuwa si sahihi yanazaa ushauri usiosaidia, ule wa kuambiana tuwe macho, tusimwamini mtu, tushike mikoba yetu vizuri. Kinachomponza msafiri wa saa sita ni zile saa sita zenyewe. Mchukue mjanja wa Kariakoo, mpeleke katika mji asioujua, ambao haongei lugha yake na hatarajii kuurudia, umpe saa sita, naye atalipa bei ileile anayolipa mshamba; tofauti ni kwamba atachelewa kusimulia.

Ushahidi wa kwanza hauhitaji pasipoti. Aliyewahi kupanda basi katika barabara ya Dodoma, Morogoro hadi Dar es Salaam anaijua hoteli ya njiani. Basi linakunja kona bila abiria kuulizwa, kondakta anasimama mlangoni na kutangaza dakika kumi na tano za kula na kuchimba dawa, na abiria hamsini wanamiminika kwenye kaunta moja. Chipsi zilikaangwa zamani na zimepoa. Paja la kuku limelala juu ya wali katika sahani iliyofunikwa nailoni. Bei ni ile ambayo mtu huyohuyo angeikataa kwa kicheko kama angetajiwa sokoni Majengo, hapa Dodoma. Anailipa. Dereva na kondakta wameshaingia chumba cha pembeni, ambako sahani zao ni za moto na hazina bei, na hakuna abiria asiyejua kwa nini hazina bei.

Tukiitazama hoteli hiyo kwa makini, tunaona kwamba hakuna aliyedanganywa. Wateja wote ni Watanzania, wanaongea lugha ya muuzaji, wanajua bei ya yai na ya kiroba cha viazi kinachouzwa Gairo, na wengi wao wamepita hapo hapo mara nyingi. Hawana upungufu wowote wa ujanja. Walichopungukiwa ni nafasi ya kwenda kwingine. Mteja wa Majengo ana nguvu ambazo hata hazitambui kwa kuwa amezizoea: anaweza kuulizia bei kwenye meza tatu kabla ya kununua kwenye ya nne, anaweza kuondoka akaitwa arudi, na zaidi ya yote ataonekana tena wiki ijayo, kwa hiyo muuzaji anayemlalia leo anajua kwamba atakutana naye kesho, yeye na majirani zake aliowasimulia. Basi likishasimama njiani, nguvu hizo zote zinabaki nyumbani. Hoteli ya njiani ni mtego wa watalii usio na mtalii hata mmoja ndani yake, na ndiyo maana naiona kuwa mahali pazuri pa kujifunzia mambo ya Istanbul.

Wanauchumi wamelichambua jambo hili kwa njia zao. George Akerlof, katika andiko la mwaka 1970 lililomchangia kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2001, alieleza kinachotokea sokoni pale muuzaji anapoujua ubora wa bidhaa na mnunuzi haujui: bidhaa mbovu huifukuza nzuri. Lakini anayetufaa zaidi hapa ni Peter Diamond, ambaye mwaka 1971 alionyesha jambo linalokwenda kinyume na matarajio ya wengi. Ikiwa kila hatua ya kwenda duka jingine kuulizia bei inamgharimu mnunuzi kitu, hata kidogo, basi wauzaji wengi waliojipanga mtaa mmoja wanaweza wote kutoza bei ambayo angeitoza muuzaji aliye peke yake. Wingi wa maduka haumwokoi mteja asiye na muda wa kuyazunguka. Hii ndiyo sababu mtu anashuka katika mtaa wenye migahawa arobaini, anajiambia kwamba ushindani umeshusha bei, kisha anakuta samaki ni yuleyule na bei ni ileile kuanzia mlango wa kwanza hadi wa mwisho.

Upo pia uchunguzi uliofanywa Athens na kuchapishwa mwaka 2013, ambao watafiti wake walipanda teksi katika mamia ya safari, wengine wakijionyesha kuwa wenyeji wa mji, wengine Wagiriki waliotoka mkoani, wengine wageni kutoka nchi nyingine. Walioonekana kutoijua njia walizungushwa zaidi. Wageni wa nchi, ambao hata taratibu za nauli hawakuzijua, ndio waliobambikiwa zaidi tozo zisizostahili. Kwangu mimi anayevutia katika uchunguzi huo ni yule Mgiriki wa mkoani: ana lugha, ana kitambulisho cha nchi, ana sura ya kwao, na bado alizungushwa. Ugeni wake ulikuwa wa mji tu, na ulitosha.

Sasa twende Istanbul, mji ambao Watanzania wengi huunganishia ndege na ambao mbinu zake zinajulikana kiasi cha kuchosha, ingawa bado zinafanya kazi kila siku. Mpiga kiwi anatembea mbele yako karibu na Sultanahmet, mtaa wa mji wa kale, sanduku lake likiwa begani, na burashi inadondoka. Anaendelea kutembea kama hajasikia. Wewe uliyelelewa Kondoa au Mpwapwa unaiokota na kumwita, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya. Anageuka, anaweka mkono kifuani, anashukuru, anakaa chini, na kabla hujamaliza kukataa mguu wako umeshapandishwa juu ya sanduku. Si kazi, anasema, ni shukrani. Wakati anapaka dawa anauliza habari za watoto wako na kueleza za mwanawe aliyelazwa. Kiatu cha pili kinapong'aa, shukrani imeshapata bei, na bei yenyewe ni kubwa kuliko ya kupiga kiwi familia nzima. Kisa chote kinachukua dakika tano. Aliyekibuni alielewa kwamba mteja wake hana zaidi ya hizo, na kwamba mtu mwenye ndege ya kuwahi atalipa ili aachiwe aende.

Mbinu ya zulia ni ya subira zaidi. Kijana nadhifu anasimama karibu na msikiti, hauzi chochote, anauliza unatoka wapi, na ukimjibu anataja Zanzibar na Kilimanjaro kwa furaha ya kweli. Anakuonyesha njia uliyokuwa unaitafuta. Anakuambia kwamba leo ni Jumapili na Soko Kuu, lile lililoanza kujengwa katika karne ya 15 na lenye maelfu ya maduka, limefungwa; na hapo hakudanganyi, kwa sababu Jumapili kweli hufungwa. Ukweli huo mdogo ndio unaomfanya aaminike katika yote yanayofuata. Duka la mjomba wake liko wazi. Chai inaletwa katika bilauri ndogo, nayo ni ya bure kabisa. Mazulia yanakunjuliwa moja baada ya jingine mpaka sakafu inapotea, vijana wawili wanahema kwa kazi, na sasa umekunywa chai ya mtu, umeketi kwenye kiti chake, umewachosha wanawe, na umebakiwa na saa mbili. Kutofautisha hariri na uzi wa kiwandani kwa kidole tu kunahitaji ujuzi ambao mgeni hawezi kuupata kati ya bilauri ya kwanza na ya pili.

Ninachotaka kionekane ni kwamba mbinu hizo hazikamati tamaa, kama tunavyopenda kudhani. Zinakamata malezi. Kwetu kupita bila kuitikia salamu ni utovu wa adabu. Kukataa chai ya mwenyeji ni dharau. Kumwambia mtu hapana mbele ya uso wake ni ukali usio na sababu, kwa hiyo tunasema tutarudi. Pale Majengo neno hilo lina uzito, maana kweli tunaweza kurudi, na muuzaji hulipokea kama ahadi nusu. Muuzaji wa Sultanahmet hulisikia akajua kwamba mbele yake yuko mtu asiyeweza kukataa waziwazi, na hapo ndipo anapoagiza chai nyingine. Mwenye tamaa ana kinga, kwa kuwa anakuja akiwa amejihami. Mpole hana.

Wala hatuna haki ya kushangaa, kwa maana kazi hiyo tunaijua kutoka upande wa pili. Zanzibar tunao papasi, Arusha tunao vijana wanaomdaka mtalii kabla hajashusha begi, na nchi nzima inao madalali wanaoishi kwa cha juu. Papasi anayemfikisha Mzungu kwenye duka la vinyago na kurudi baadaye kuchukua chake kwa mwenye duka hana tofauti na kijana wa zulia, wala na dereva wetu mwenye sahani isiyo na bei. Mahali pote hapo, anayemwongoza mgeni analipwa na yule anayemuuzia, na gharama inakuja kuonekana katika bei ya mgeni. Huwa tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kuna miji ambayo wenyeji wake wamelichukulia jambo hilo kuwa mpango wa biashara.

Addis Ababa inastahili kutajwa kidogo, kwa sababu Mswahili hujiona yuko karibu na nyumbani. Hata saa wanahesabu kama sisi, kuanzia mapambazuko, kwa hiyo yeye ni miongoni mwa wageni wachache wasiopotea wanapoambiwa waje saa tatu asubuhi. Ukaribu huo ndio anaoutumia kijana anayekusimamisha barabarani na kuuliza kama umemsahau, yeye mlinzi wa hoteli yako aliyekufungulia geti asubuhi. Unaona aibu kwa kutomkumbuka, na aibu inakupeleka kwenye nyumba ya kahawa ya jamaa zake, ambako bili inakuja ikiwa imejaa vinywaji vya watu usiowajua.

Lakini mtego mzito kuliko yote, kwa msafiri wa kwetu, huanza kutegwa Dodoma kabla hajafunga begi. Ni zawadi. Mtu akijulikana anasafiri, hata kama anakwenda kufanyiwa upasuaji, orodha inaundwa: shangazi ametaja udi, mashemeji wametaja manukato, jirani ametaja mtandio, na mama hakutaja chochote, jambo ambalo ni zito kuliko orodha nzima. Siku za safari yenyewe zinaishia kwenye shughuli iliyompeleka, na ununuzi unasukumwa hadi saa za kuunganisha ndege wakati wa kurudi. Kwa hiyo anaingia Deira, Dubai, akiwa na begi tupu, majina tisa na saa nne. Muuzaji hahitaji kumshawishi anunue. Ameshashawishiwa na ukoo wake. Kilichobaki ni bei.

Dubai inafundisha kitu cha ziada, kwa sababu katika soko moja zinakaa biashara mbili za tabia tofauti. Kwenye soko la dhahabu, bei ya gramu kwa kila karati hutangazwa kila siku na kila duka huifuata. Mgeni na mwenyeji wanaiona pamoja. Linalojadiliwa ni gharama ya ufundi, na anayelijua hilo anaweza kununua bangili kwa haki hata kama hajawahi kufika pale. Anayebishana kuhusu bei ya gramu na kusahau kuuliza ya ufundi ndiye anayeumia. Hatua chache kutoka hapo, kwenye viungo na manukato, hakuna bei iliyotangazwa: zafarani inatajwa kwa gramu, inachotwa kwa kijiko cha ukarimu, na jumla inasikika ikiwa tayari imefungwa kwenye mfuko. Nje, wanaume wanapita wakinong'ona saa na mikoba ya majina makubwa, ambayo mtu huipata kwa kupandishwa ngazi hadi chumba kisicho na kibao. Na pale chini kwenye hori, ule mkono wa bahari, boti ya abra imekuwa ikivusha watu kwa dirhamu 1 kwa miaka mingi, bei moja kwa mfanyakazi na kwa mtalii. Mji ni uleule na mteja ni yuleyule. Tofauti imeletwa na aliyeiweka bei mahali pa kuonekana.

Kuhusu zawadi nina maoni ambayo najua hayatanipatia marafiki ukweni. Kinachopokelewa kwa shangwe nyumbani ni uthibitisho kwamba msafiri alipokuwa mbali alitukumbuka, na mtandio ni kielelezo tu. Mtandio wenyewe, mara nyingi, umetoka katika viwanda vilevile vya China vinavyoijaza Kariakoo, na kule Kariakoo ungepatikana kwa pesa kidogo zaidi baada ya kushuka ndege, kwa mtu mwenye muda wa kuulizia. Wapo wanaofanya hivyo kimyakimya kabla ya kupanda treni ya kurudi Dodoma. Ninawaona ni watu wenye busara kubwa ya uchumi, na sioni kosa lao.

Mfano wa mbali zaidi unaonyesha jinsi mtego unavyoweza kuizunguka dunia na kumrudia mtu wa kwetu. Bangkok inajulikana kwa mtu anayemwambia mgeni kwamba Kasri Kuu limefungwa leo, ila anaweza kuzungushwa kwa bajaji ya kule kwa pesa kidogo sana. Mizunguko inaishia kwenye duka la vito, ambako anaambiwa kwamba akinunua yakuti kwa bei ya leo ataiuza kwao kwa faida. Mwaka 2008 machimbo ya Winza, wilayani Mpwapwa, yalivuma kwa yakuti nyekundu, ile wachimbaji wanayoiita rubi, na wanunuzi wa Kithai walifika hadi huko porini kuifuata. Kwa hiyo si jambo la ajabu kabisa kwamba mtu wa Mpwapwa aliyetua Bangkok kwa saa nane auziwe, kwa mara kumi ya bei, jiwe lililotoka katika wilaya yake, au kioo kilichopakwa rangi kwa jina lake. Asingekubali upuuzi huo Mpwapwa, ambako angemwita kijana mwenye tochi alitazame jiwe kwanza.

Mambo ya fedha nitayapita haraka, kwani ni ya kuchosha na hayana mjadala. Mashine ya kadi ikikuuliza kama unataka kulipa kwa shilingi au kwa fedha ya pale, chagua ya pale. Ukichagua shilingi, kiwango kinapangwa na upande unaofaidika nacho. Maduka ya kubadilisha fedha ya uwanjani yana kiwango kibaya kwa sababu iliyokwisha kuelezwa, na sarafu za chuma hayazipokei wakati wa kurudi. Uturuki ina ugumu wake wa ziada: mfumuko wa bei ulipofikia zaidi ya asilimia 85 mwezi Oktoba 2022 kwa takwimu rasmi, bei ambayo rafiki yako alikutajia kutoka safari ya mwaka uliotangulia ilikuwa haina maana tena.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kubaki uwanjani. Sikubaliani nao. Ukumbi wa kuondokea ni hoteli ya njiani iliyokamilishwa kwa marumaru: mteja hawezi kutoka, hatarudi karibuni, na saa ziko kwenye kila ubao. Chupa ya maji hukumbusha hilo vizuri. Ila ukumbi una jambo moja la heshima, nalo ni kwamba bei imebandikwa na ni moja kwa wote, kwa hiyo unaumia bila kudhalilishwa. Nadhani tofauti hiyo ni muhimu kuliko ukubwa wa bei. Kahawa ya bei kali katika uwanja wa wazi mashuhuri katikati ya mji wa Venice, kwenye meza yenye orodha ya bei na muziki ukipigwa, ni anasa ambayo mtu ameichagua. Wanafunzi wanne wa Kijapani walioletewa bili ya zaidi ya yuro 1,100 katika mji huohuo mwezi Januari 2018, kwa nyama, samaki na maji, hawakuchagua anasa yoyote. Na tazama kilichowasaidia: walikuwa wakisoma Bologna, wakapeleka malalamiko polisi huko, habari ikafika kwenye magazeti, mkahawa ukakaguliwa na kupigwa faini. Walikuwa na siku za kufuatilia. Anayeondoka na ndege ya saa nne usiku hawezi kufungua shauri.

Kwa mantiki hiyohiyo, anayeaminika zaidi katika mji wa kupita ni yule anayehitaji urudi. Shirika la ndege la Uturuki huwatembeza bure Istanbul abiria wake wanaounganisha kwa saa 6 hadi 24, na uwanja wa Changi, Singapore, una matembezi ya bure kwa wanaosubiri. Si hisani. Shirika linataka tiketi yako ijayo, na uwanja unataka upite kwake tena, kwa hiyo mwongozaji wao ana sababu ya kukurudisha ukiwa umeridhika. Ni kweli kwamba ziara za makundi huwa za harakaharaka na zina ladha ya safari ya shule. Ninazipendekeza hata hivyo kuliko teksi ya mlangoni, hasa kwa mtu anayepiga hesabu ya muda kwa uaminifu: uwanja mpya wa Istanbul uko takribani kilomita 40 kutoka mji wa kale, na ukiondoa foleni ya uhamiaji, barabara kwenda na kurudi, na saa za kuwahi ukaguzi, saa nane zinabaki tatu, na saa sita zinabaki moja ya kuhangaika. Mwenye saa hiyo moja hafai kutoka kabisa. Mwenye tatu afanye jambo moja lisilohitaji mapatano na mtu: aupande usafiri wa umma, aingie Msikiti wa Bluu ambao hauna kiingilio, akae uani, arudi.

Dodoma nayo inaanza kuwa mji wa kupita, na hili halijadiliwi inavyostahili. Mji unapata uwanja mpya wa ndege huko Msalato, treni inashusha mamia ya watu kwa wakati mmoja, na wakati wa Bunge la Bajeti, kati ya Aprili na Juni, nyumba za wageni hujaa na bei zake hupanda kwa namna ambayo kila mwenye shughuli wizarani ameshaionja. Mtu anayeshuka stesheni usiku na mabegi mawili, hajui kama Area D ni karibu au mbali, anakutana na bajaji na bodaboda wanaomtajia nauli kwa kuisoma sura yake. Wale vijana si wabaya kuliko wa Sultanahmet, wala si wema kuliko wao. Wana mteja ambaye hawatamwona tena, na wanafanya hesabu ileile. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu, hupanga nauli za mabasi ya mikoani na abiria anaweza kuidai kwa kondakta bila ugomvi. Ubao wa nauli za kutoka stesheni hadi Majengo, Area D, Nzuguni na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), ulioandikwa kwa herufi za kusomeka usiku na kutundikwa mlangoni pa kutokea, ni kazi ya siku moja ya fundi wa mabango. Waheshimiwa wabunge, ambao wengi wao huingia mjini humu kwa treni hiyohiyo wakiwa wageni kama wengine, hawahitaji semina elekezi kulielewa jambo hili.